Tone la Shingoni mwa Pampu

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limeshasahaulika hata kwa ndugu. Mtaa mzima ulimwita Mama Spana, na aliyeanzisha jina hilo alikuwa mumewe mwenyewe, fundi wa pampu za maji, mtu ambaye kazi aliijua kweli lakini mdomo nao ulikuwa haupumziki.

Ilikuwa hivi. Walipooana, fundi alimfungia mkewe pampu uani, mashine nzito ya chuma iliyokaa juu ya jukwaa la saruji, ikivuta maji kisimani na kuyapandisha kwenye tangi juu ya paa. Shingoni mwa pampu hiyo, pale mhimili unapoingia ndani, palikuwa panatoka tone la maji. Tone, kimya kidogo, tone tena. Bibi harusi akalitazama akakereka. Ameolewa na fundi pampu, halafu pampu ya uani kwake inavuja, watu watasemaje? Siku moja bwana akiwa kazini, akachukua spana, akazikaza bolti za shingoni mpaka tone likakatika. Akaiwasha, akaenda kufua huku amejaa sifa. Hakuwa amemaliza hata kusuuza, akasikia harufu ya kitu kinachoungua. Alipofika uani akakuta shingo inatoa moshi na mhimili umekwama kabisa.

Fundi aliporudi hakugomba. Bora angegomba. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye saruji, akijishika mbavu, kisha akamweleza. Ndani ya ile shingo kuna kamba iliyosukwa inayoubana mhimili ili maji yasimwagike, lakini lazima maji kidogo yapite, yaulainishe na kuupoza. Ukikaza mpaka pakauke, pampu inajiunguza yenyewe.

"Tone ndiyo afya yake," alimwambia. "Ukiona pampu haitoi tone, ujue hiyo inakufa."

Tangu siku hiyo hadithi ikawa haina mapumziko. Fundi aliisimulia kwenye harusi, akaisimulia kwenye misiba, akawasimulia wateja waliokuja kununua bomba tu na hawana muda. Mke wangu aliniunguzia pampu kwa usafi wake. Jina likaganda, na mwenye jina akacheka pamoja na wenzake, maana angefanyaje? Lakini somo lilimwingia. Pampu ilipotengenezwa aliweka kopo chini ya shingo, na maji ya kopo akawa anamwagilia maua yake ya mlangoni. Wala hakubishana tena na mumewe juu ya kitu chochote chenye mota. Hilo liwekwe akilini, kwa sababu ndilo lililokuja kuwavunja.

Miaka ikaenda, watoto wakakua wakaondoka kwenda kutafuta maisha mbali, na moyo wa fundi ukachoka. Alianza kwa kuhema akipanda ngazi na mabomba begani. Halafu miguu ikavimba, viatu vikakataa. Mwishowe akawa hawezi kulala chali, analala amekaa, ameegemea ukuta kama mzigo ambao mtu ameuweka kwa muda. Hospitali kubwa wakampima wakamwambia ukweli wote: moyo umetanuka na kulegea, damu hausukumi tena, na dawa zimefika mwisho. Alihitaji moyo mwingine, wa mtu aliyekufa ambaye ndugu zake wamekubali utolewe. Na moyo wa namna hiyo hauagizwi dukani. Unaandikishwa, unapangwa foleni, unasubiri mtu usiyemjua apate msiba.

"Wakati unasubiri," daktari alisema, "tutakuwekea pampu ndogo kifuani. Itaushikia moyo kazi mpaka wa kukufaa upatikane."

Fundi, ambaye alikuwa hawezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, akatabasamu kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi. "Inasukumaje, daktari?"

"Ina pangaboi dogo ndani. Linazunguka bila kusimama."

"Ah, basi hiyo mtu wangu," akasema fundi. "Hiyo tutaelewana."

Na kweli walielewana. Aliingia chumba cha upasuaji akiwa na rangi ya majivu, akatoka, na baada ya muda akawa mtu. Akala. Akatembea. Akaanza tena kuwachosha wauguzi kwa hadithi ya mkewe na spana. Kutoka kwenye ile pampu, waya ulipita ndani ya mwili ukatokeza tumboni, chini ya mbavu, ukaenda kwenye kisanduku kilichofungwa kwenye mkanda, na kisanduku kikala umeme wa betri alizozivaa kwapani kulia na kushoto. Akilala, anachomekwa ukutani. Maisha yao yote yakawa ni betri: zipi zimejaa, zipi zinachajiwa, umeme wa mtaani ukikatika wakimbilie kwa nani mwenye jenereta. Kuoga kwa kujimwagia maji kukaisha, akawa anapanguswa na kitambaa.

Jambo lililomtisha Mama Spana kuliko yote ni kwamba mumewe hakuwa na mapigo. Shika kifundo cha mkono, bonyeza shingo, hupati kitu. Pampu ilikuwa haidundi, inapeleka damu moja kwa moja kama bomba lililofunguliwa. Siku za kwanza alikuwa anamwamsha kila akisinzia, mpaka fundi akachoka akamwambia aweke sikio kifuani. Akaweka. Akasikia mvumo mwembamba, kama mota inayofanya kazi chumba cha pili.

"Inaimba," akasema.

"Isikilize tu. Bolti zake usiziguse."

Kila asubuhi kazi yake ilikuwa kusafisha pale waya unapotokeza. Anafunga mdomo kwa barakoa, anavaa glavu, anafuta kwa dawa kuanzia kwenye waya kwenda nje, anakausha, anaweka bendeji mpya. Nesi wa kliniki, dada mmoja mnene mwenye sauti ya upole, alimfundisha mpaka akahitimu. Wiki za mwanzo pale palikuwa panatoa majimaji, na nesi akasema ni kawaida ya kidonda kipya, patakauka. Pakakauka. "Sasa pakirudi kulowana, hata kidogo, nipigie," nesi alisema. Mama Spana akaitikia. Fundi naye akaitikia, ila njiani kurudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba huyu nesi mtu mzuri sana, lakini mambo ya pampu hayajui. "Umeona lakini? Hata yao ilianza na tone."

Kliniki ndiko walikokutana na Mwalimu. Alikuwa mwanamke mwembamba wa makamo, anafundisha watoto wadogo kusoma, na kifuani ana pampu kama ya fundi, betri zake amezificha chini ya sweta. Walikaa benchi moja wakisubiri kutolewa damu, na Mwalimu akawa ndiye mtu wa kwanza mtaani na hospitalini kuisikia hadithi ya spana mara tatu na kucheka mara tatu. Bila kuambiwa waziwazi walijua wako foleni moja. Kundi la damu ni moja, miili yao inakaribiana, na moyo ukija utakuwa wa mmoja.

"Ukija wa kwako, Fundi, usigeuke nyuma," Mwalimu alimwambia siku moja, akitazama ukuta.

"Na wewe hivyohivyo," akajibu fundi. Halafu, kwa kuwa kimya kilikuwa hakimkai, akamweleza habari za tone: asije akaogopa siku akiona pametoka maji kidogo, mashine yoyote yenye kuzunguka inataka kulainishwa. Mwalimu akatikisa kichwa taratibu, kama anavyotikisa, bila shaka, mtoto anapomsomea neno kimakosa.

Balaa lilianzia kwenye kitasa cha mlango. Fundi alikuwa anatoka chumbani, waya ukanasa kwenye kitasa, ukavutwa. Aliguna, akaushika, akaona kisanduku hakilii kengele ya hatari, mvumo ni uleule, basi yakaisha. Siku chache baadaye, Mama Spana akiondoa bendeji asubuhi, akaiona ina alama ya unyevu katikati.

"Baba, hapa pana maji."

"Mengi?"

"Hapana. Kama tone."

"Lina harufu?"

Akanusa. "Halina."

"Basi iache. Inajilainisha."

Mama Spana akabaki ameishika ile bendeji kwa vidole viwili. "Nesi alisema pawe pakavu. Alisema nipige simu."

Fundi akamtazama na lile tabasamu la siku zote, tabasamu la uani, la moshi na saruji. "Spana, unataka kuniunguza tena?"

Na yeye akacheka. Katika yote yaliyokuja baadaye, hilo ndilo lililomkaa rohoni likakataa kutoka, kwamba alicheka. Alikuwa na simu mfukoni mwa gauni. Namba ya nesi alikuwa anaijua kwa kichwa. Akacheka, akapasafisha, akabandika bendeji mpya, akaenda kupika.

Tone likaendelea. Baada ya muda likabadilika rangi likawa la njano, naye akalitazama akajiambia labda ni ile dawa ya kusafishia. Ngozi kuzunguka waya ikawa nyekundu, akajiambia ni gundi ya bendeji. Mtu akishaamua kutoona, macho yanamsaidia. Halafu fundi akaanza kutetemeka jioni, akajifunika blanketi, akasema ni mvua iliyomnyeshea kwenye veranda ya mteja aliyemwendea kumpa ushauri tu, maana kubeba alikuwa habebi tena. Mama Spana akamgusa paji la uso, akasikia linawaka.

"Twende hospitali."

"Kesho kutwa si tuna kliniki? Unakimbilia nini?"

Akaichukua simu, akaishika, akairudisha mezani. Alikuwa anaogopa kuambiwa amekosea, na alikuwa anaogopa zaidi kuambiwa hakukosea.

Kesho yake mchana, wakiwa wanakula, simu ikalia yenyewe. Alikuwa yule nesi, na sauti yake ya upole ilikuwa inakimbia. Moyo umepatikana. Njooni sasa hivi. Asile tena kitu.

Fundi aliweka kijiko chini. Akafunika uso kwa mikono yake mikubwa yenye makovu ya spana, akalia. Alipomaliza kulia alitoka uani, akaipigapiga ile pampu mgongoni kama mtu anayemuaga mnyama wake, akapanda gari la jirani. Njiani hakuacha kuongea. Atarudi kazini. Atajimwagia maji ndoo nzima kichwani. Atampeleka mkewe kwa watoto, wapande basi, bila betri hata moja. Mama Spana alimshika mkono na kuitikia kila kitu, na ule mkono ulikuwa wa moto.

Hospitali waliwapokea kama wageni wa heshima. Nesi alikuwa anatabasamu mpaka magego. Wakamvua nguo, wakamvalisha gauni la upasuaji, wakamlaza kwenye kitanda cha magurudumu. Daktari akaingia, akamshika bega, akamtania kidogo. Kisha akainua bendeji.

Aliinama akaangalia kwa karibu. Nesi akasogea, naye akaona. Harufu ambayo Mama Spana alikuwa ameizoea kidogokidogo nyumbani, mle ndani kwenye usafi wa dawa ilijaa chumba kizima. Wakampima joto. Wakamtoa damu, mtu akaondoka nayo mbio.

"Hii imeanza lini?" daktari akauliza.

Mama Spana akajibu. Hakupunguza hata siku.

"Kwa nini hamkutupigia?"

Fundi ndiye aliyejibu. Akiwa amelala chali na gauni la karatasi, alimweleza daktari habari za shingo ya pampu, kamba iliyosukwa, mhimili, na tone, kwa sauti ileile ya kuwaelewesha wateja. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Wala hakumdharau, na hilo likawa gumu zaidi kulibeba.

"Hii pampu yako haina shingo ya namna hiyo, Fundi," alisema. "Imezibwa. Haitoi tone. Hilo lililotoka ni mwili wako unapigana na vijidudu vilivyofuata waya kuingia ndani. Kwa homa hii, naamini vimeshaingia kwenye damu."

"Basi visafisheni halafu mniwekee."

"Nikikuwekea moyo wa mtu mwingine, lazima nikupe dawa za kuulaza ulinzi wa mwili wako, usiukatae. Nikiulaza ulinzi leo, na vijidudu viko ndani, nitakuwa nimekuua mimi. Na moyo haukai. Una saa chache tu."

"Kwa hiyo?"

"Tumeshamwita anayefuata."

Waliwatoa kwenye kile chumba wakamweka fundi kwenye korido, kitanda kikiwa kimeegemezwa ukutani, mkewe amesimama pembeni. Muda si mrefu lifti ikafunguka, Mwalimu akatolewa kwenye kitanda cha magurudumu, amevaa gauni lilelile. Alipowaona uso ukamharibika.

"Fundi," akasema. "Mimi sikujua ni wewe uliyekuwa mbele."

Fundi aliinuka kwa kiwiko. "Mwalimu, nijibu haraka. Kidonda chako kimewahi kutoa maji?"

Mwalimu akasita. "Kiliwahi. Nilikuja siku ileile wakanitibu kikakauka. Sikukuambia, nilijua utanicheka."

"Ningekucheka kweli," fundi akasema. Alijilaza tena, akafumba macho. "Nenda, mama. Usigeuke nyuma."

Wakamsukuma, milango ikafunguka ikajifunga. Mama Spana aliitazama ile milango na akamchukia Mwalimu kwa roho yake yote, halafu akajichukia yeye, na hapo ile chuki ikapata mahali pa kukaa.

Fundi hakurudi nyumbani tena. Jina lake likasimamishwa kwenye foleni, akalazwa, akatundikiwa dawa za kuua vijidudu. Homa inashuka, inapanda. Mkewe alikaa kando ya kitanda akikwepa kuitazama ile chupa ya dripu, jinsi inavyotoa tone moja moja.

"Kosa si lako," fundi alimwambia asubuhi moja, akiwa na nguvu kidogo. "Mimi ndiye niliyekufundisha."

"Bendeji nilikuwa nimeishika mimi."

"Nilikufundisha vizuri mno, basi." Alijaribu kucheka. "Ile hadithi ya spana, wakija watu msibani, usiwaache waisimulie."

"Msiba gani? Acha maneno yako."

Lakini alikuwa anamjua mumewe. Kwenye mashine hakuwahi kukosea ila mara moja, ile ya tone. Vijidudu viliufikia mshipa wa kichwani, na kwa kuwa damu yake ilikuwa inalainishwa na dawa ili isigande kwenye pampu, mshipa ulipopasuka haikusimama. Mama Spana alipoitwa, mumewe alikuwa amelala kimya, uso umelegea. Akaweka sikio kifuani, akasikia mvumo uleule mwembamba.

"Inaimba," akamwambia nesi. "Si unasikia? Bado inaimba."

"Pampu ni nzima, mama," nesi akasema, na machozi yalikuwa yanamtoka. "Mwenyewe ndiye aliyeondoka. Tunasubiri useme ndipo tuizime."

Alikaa akisikiliza mpaka sikio likapata alama ya kamba ya gauni. Kisha akasema izimwe. Mvumo ukashuka, ukanyong'onyea, ukakata. Ndipo fundi akawa maiti kama maiti nyingine.

Msibani watu walikuja wengi, na bila shaka mmoja akaanza, "Mnakumbuka ile siku mkewe alipo..." Mama Spana akamtazama tu, na yule mtu akakumbuka ghafla kwamba ameacha kitu nje.

Mwalimu alikuja baadaye, watu walipokwisha kutawanyika, anatembea polepole bila betri. Walikaa sebuleni. Mwishowe Mwalimu alinyoosha mkono wake juu ya meza, kiganja juu, na Mama Spana akakishika kifundo chake. Moyo ulikuwa unadunda. Ulidunda wazi, kwa nguvu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba aliyoelekezwa. Aliushika muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, na Mwalimu hakuuvuta mkono.

Alipomsindikiza mgeni akarudi, alifungua bomba la jikoni likakohoa hewa. Tangi lilikuwa limekauka. Akaenda uani akaiwasha pampu, ikaanza kuvuta, na shingoni likatokeza tone. Likaanguka kwenye kopo. Kimya kidogo. Tone tena, safi, linang'aa, halina harufu. Pampu ilikuwa na afya yake yote.

Spana ilikuwa palepale ilipokuwa siku zote, imetundikwa kwenye msumari. Akaichukua. Alikaza bolti ya kwanza, akakaza ya pili, akarudi kwenye ya kwanza, akazungusha kwa mikono miwili mpaka meno yakamuuma. Tone likakonda, likakatika. Akageuza ndoo, akaikalia mbele ya pampu, akasubiri.

Harufu ilikuja kwanza, halafu mlio, halafu moshi.

"Mama Spana!" jirani akaita kutoka ng'ambo ya ukuta. "Kuna kitu kinaungua huko kwako."

"Najua," akajibu, na hakuinuka.